Hewa Ileile

Gramu mia tisa na arobaini.
Niliandika kwa biki nyekundu; ya buluu ilikuwa imekauka.
Wiki ishirini na nane, mvua ya Aprili,
teksi imezimika Nyawera,
na Nsimire akapanda kilima kwa miguu
akijishika tumbo kama aliyebeba maji kwenye beseni.

Ansima, hukulia. Ulifungua kinywa tu.
Nikakuwekea mrija puani.
Nikafungua hewa.

Usiku ule umeme wa Ruzizi ulikatika mara tatu.
Jenereta ikakohoa, ikakataa, ikakubali.
Ukawa zambarau, kisha jivu,
na mimi Mwavita, miaka kumi na tisa katika kazi hii,
nikazungusha kitufe hadi mwisho.
Nani angehesabu?
Ulirudi mwekundu kama ndani ya pera.
Nikacheka peke yangu, saa nane za usiku.

Hakuna aliyenifundisha kwamba hewa nayo huzidi.
Kwamba jicho la mtoto aliyewahi
halijamaliza safari: mishipa yake inatambaa
kutoka katikati kwenda ukingoni
kama vijia vya Kadutu vinavyotafuta nyumba za juu.
Hewa ikiwa nyingi, kazi inalala.
Ikipungua, mishipa inaamka na wazimu,
inajenga popote, bila kibali, ukuta juu ya ukuta,
hadi siku moja kilima kinaporomoka
na pazia la nyuma ya jicho linashuka nacho.

Ombeni aliletwa na dada yake, ana miezi kumi.
“Mtoto hafuati kijiko,” alisema.
Ndani ya mboni palikuwa peupe
kama utando wa ndani ya ganda la yai.
Nilitafuta jina lake kwenye daftari la zamani.
Mwandiko ulikuwa wangu.

Kwa hiyo sasa nahesabu.
Tisini na moja, vema. Tisini na tatu, vema.
Mashine ikilia kwa wingi naruka
kama ninavyoruka ikilia kwa uchache.

Leo, wiki ya tano, daktari Zihindula amefika kwa pikipiki,
chombo chake kimefungwa ndani ya kitenge.
Matone mara tatu. Kijiwaya cha kushikilia kope.
Sukari kidogo ulimini mwako.
Taa kwenye paji lake, kama mchimbaji wa Kamituga,
anainama juu ya shimo dogo kuliko punje ya mtama.
Nimeshika kichwa chako; kinaenea kiganjani
kama parachichi.

“Pale,” anasema. “Mstari umeshainuka.
Tuchome leo. Kesho sina hakika nayo.”

“Jicho la mwanangu,” Nsimire anasema, “achome?”
Daktari anatafuta neno, analipata la Kifaransa, analiacha.
Nikamuuliza mimi: kwenu Walungu,
moto ukishuka kilimani, mnafanya nini?
Alinyamaza kitambo.
“Tunachoma ukingo wa shamba,” akasema,
“kabla haujafika nyumbani.”
Basi. Atapoteza pembeni kidogo,
ili nyumba ibaki.

Mia sita kulia, mia saba kushoto.
Nilihesabu kwa sauti ya kanyagio chini ya kiatu chake.
Kati ya mia nne na mia tano taa ya dari ilipepesa
na sote watatu tuliacha kupumua,
kama tungeweza kukuachia wewe hewa yetu.
Haikuzimika.

“Ataona?”
“Rudini Alhamisi.”

Alhamisi. Nsimire amekufunga kifuani, ngozi kwa ngozi,
anakuhadithia kwa Kishi mambo nisiyoyasikia vizuri,
kitu kuhusu mbuzi, kitu kuhusu deni.
Macho yako yamevimba kama ya mtu aliyepigana.

Mashine inasema tisini na sita.
Nanyoosha mkono. Nusu ya nusu tu.
Unakunja uso.
Napunguza.
Nasikiliza.